Wapagazi wa vita vya Tanga nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani. Nyuki waliowatimua askari wa Uingereza wamepewa aya nzima (kisa kitamu, sikatai). Wapagazi hawakupata hata mstari.

Vita vile vya Kwanza vya Dunia havikuishia Ras Kasone, pwani ya Tanga walikoshukia Waingereza. Viliendelea hadi 1918, na pande zote mbili zilikamata wanaume vijijini wabebe risasi na magunia ya unga. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa. Nyumbani, mashamba yalikosa wa kuyalima na majeshi yakakomba chakula kilichokuwa ghalani.

Naishauri halmashauri ya jiji iweke bango linalowataja wapagazi hao, na shule zetu zikusanye simulizi za familia wakati wazee bado tunao.

Mkazi wa Ngamiani,
Tanga