Risala ya umoja wa ndugu wa masista kwa mgeni rasmi, sikukuu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Paroko, Mama Mkuu na masista wetu wote, viongozi wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), wa jumuiya ndogondogo na wa kwaya, wazazi, ndugu na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo!

Mheshimiwa, kwanza kabisa asante sana kwa kuja maana tunajua ratiba yako ilivyobana na tunajua barabara ya huku kwetu mvua ikishanyesha inakuwaje, na bado umefika, tena umefika mapema na misa umesali na sisi mwanzo mpaka mwisho. Hilo peke yake limetutia moyo kweli, sababu wapo waliowahi kukalia hicho kiti ulichokalia leo ambao walifika wakati sahani zinagawiwa. Karibu sana Kagera. Tumeambiwa kwamba wewe pia dada yako wa kumfuata ni mtawa kwa hiyo mengi tutakayosema hapa unayajua kwa uchungu wake.

Historia yetu ni fupi. Umoja huu ni wa familia zenye binti au dada aliyeingia utawani na ulianza mwaka 2016 kwenye msiba, tulikuwa makaburini tunamzika sista mmoja tukagundua masista wanalia upande wao na sisi ndugu wa damu tunalia upande wetu, hatujuani, hata nani ampe mwenzie pole hatukujua. Tukasema hii haiwezekani. Wiki iliyofuata familia saba zikakaa chini ya mwembe wa parokia na leo tuko familia 31.

Utawa wa wanawake kwenye kona yetu hii sio kitu cha jana. Wenzetu wa Masaka, Uganda, hapo juu tu ng'ambo ya mpaka, shirika lao la Bannabikira lilianza mwaka 1910 pale Bwanda, wasichana wa Kiafrika kabisa. Sisi wa Bukoba tunajivunia Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali zama hizi, mwaka 1960, na ni haki yetu kujivunia, ila ukimuuliza mtoto wa katekisimu akutajie sista hata mmoja wa zamani aliyewafundisha bibi zake kusoma atakuangalia tu. Ndiyo maana tumeichagua sikukuu hii. Mtakatifu Teresa tunayemsherehekea leo kwao mabinti waliobaki hai walikuwa watano na wote waliishia utawani. Pauline alitangulia Karmeli, yaani monasteri ya Wakarmeli, ya Lisieux kule Ufaransa mwaka 1882, Marie akafuata 1886, Teresa mwenyewe akaingia 1888 akiwa na miaka 15, Céline akaingia 1894 baada ya kumtunza baba yao mpaka alipofariki, na Léonie baada ya kujaribu na kurudi nyumbani mara kadhaa akatulia kwenye monasteri nyingine kule Caen mwaka 1899. Mama yao alikufa Teresa ana miaka minne tu, Pauline ndiye aliyekuwa mama yake wa pili. Sasa Teresa alipougua kifua kikuu akalala kitandani mpaka akafa tarehe 30 Septemba 1897 ana miaka 24, aliyekuwa anamhudumia kama msaidizi wa wagonjwa alikuwa Céline dada yake wa damu, na aliyekaa pembeni ya kitanda anaandika maneno yake alikuwa Pauline. Yaani alikufa mikononi mwa dada zake wa damu na dada zake wa shirika kwa pamoja. Mheshimiwa tunaomba hilo ulishike maana tutalirudia.

Mafanikio yetu ni makubwa sana na hayajawahi kutokea kwenye parokia hii. Tumenunua viti vya plastiki 60 na masufuria makubwa manne ambayo leo ndiyo yamepika. Tumewatembelea masista wagonjwa mara tisa kwa mwaka mmoja, tumesimamia jubilei za dhahabu mbili bila kuomba hata senti kwa shirika, tena tumefanikiwa kuelimisha familia ziache kumsumbua sista kwa ada za shule. Hili la mwisho tunalisema kwa msisitizo maana watu wengi wanadhani sista ana hela, eti ana wazungu, wakati ameweka nadhiri ya ufukara na mshahara wake kama anao unaingia kwenye shirika, yeye hata ya vocha anaomba. Shamba la baba hakugawiwa, ng'ombe hakugawiwa, alafu ikifika Januari simu 14 zote zinataka ada. Tumelikemea na limepungua.

Sasa Mheshimiwa tuje kwenye jambo lenyewe.

Masista wetu wazee wapo 11 na wanaishi ghorofani kwenye nyumba ya zamani kule juu kilimani. Chini ni ofisi, jiko na stoo, vyumba vyote vya kulala viko juu na ngazi ni 19, tumezihesabu, nyembamba na zimelika katikati kwa ajili ya kukanyagwa miaka mingi. Kuna sista ana miaka 84, nusu ya watu wazima waliokaa hapa leo yeye ndiye aliyewashika mkono wakaandika herufi a. Miguu imekataa. Akitaka kushuka kwenda misa manovisi wanne, yaani wasichana wanaojiandaa kuwa masista, wanambeba kwenye kiti, mmoja anarudi kinyumenyume anapapasa ngazi kwa mguu. Dada yake wa kuzaliwa ana miaka 88, naye anakuja kwa bodaboda kila Jumapili ya kwanza ya mwezi na kifuko cha gonja, zile ndizi za kuchoma, na yeye kupanda zile ngazi hawezi. Kwa hiyo wanafanyaje, sista anasogezwa dirishani juu, dada yake anakaa kwenye kigoda chini uani, wanaongea. Wote masikio yamechoka kwa hiyo wanapiga kelele, nyumba nzima inasikia habari za ukoo wao. Gonja zinapelekwa na novisi, na sista akishapokea anazinyanyua dirishani mwenzie aone zimefika. Siku moja mvua ilianza, yule mama akakataa kuondoka, akajifunika khanga kichwani akabaki palepale anaangalia juu.

Mheshimiwa hao ni watoto wa tumbo moja. Teresa alifia mikononi mwa dada zake, hawa wa kwetu wametenganishwa na ngazi 19.

Ndiyo maana mwaka 2019 tulianza kujenga nyumba ya chini, bila ngazi, vyumba 12 vya masista na viwili vya ndugu, ili mgonjwa akizidiwa dada yake au mtoto wa dada yake aje alale pale asaidiane na masista kumuuguza. Shirika limetoa kiwanja, sisi tumebeba mawe kwa vichwa vyetu, tofali tumefyatua wenyewe, vijana wa kwaya wamechimba msingi. Kuta zimefika kwenye lenta. Na hapo kwenye lenta ndipo tulipo mpaka leo.

Tunaomba ruhusa tuseme ukweli kwa heshima zote. Mgeni rasmi wa mwaka 2021 alisimama hapahapa akasema bati zote ni zake, tukapiga vigelegele, tukampa mbuzi. Tukampigia simu, tukaambiwa yuko safarini, alafu ikawa haipokelewi. Mwaka 2022 mwingine akaahidi mbao na kwa sababu ya ahadi yake tukanunua saruji mifuko 40 ili fundi amalizie lenta mara moja mbao zikija, mbao hazikuja, masika ikaingia stoo, mifuko 26 ikageuka mawe. Ile ilikuwa michango ya wajane. Wa 2023 alituma mtu akapiga picha jengo, tukazisikia zile picha zimeonyeshwa kwenye mkutano, jengo halijaona hata msumari. Leo ukienda ndani ya chumba kilichopangwa kuwa cha yule sista wa miaka 84 utakuta boga limetambaa mpaka dirishani, na nondo zilizochomoza juu zimekula kutu. Hatumlaumu mtu, tunaomba tu ieleweke kwanini leo makofi yetu yatakuwa ya kupimwa.

Tangu tuanze kujenga masista watano kati ya waliokuwa wanaisubiri hiyo nyumba wameshatangulia mbele za haki. Wameshuka zile ngazi kwenye jeneza.

Kinachotakiwa ni kupaua basi. Fundi amepiga hesabu, bati 160 za geji 28, mbao za kenchi, kofia, misumari na ufundi, jumla ni shilingi milioni 11 na laki 4. Mkononi tuna milioni 2 na laki 3 ambazo familia 31 zimechanga kwa miezi 14, wengine kwa kuuza kahawa wengine ndizi wengine senene. Tumepungukiwa milioni 9 na laki 1. Karatasi ya hesabu iko kwenye bahasha utakayopewa na fundi mwenyewe yupo, amekaa nyuma ya kwaya, ukitaka kumuuliza lolote muulize.

Tuna mahitaji mengine kama kiti cha magurudumu na magodoro ila leo hatuyataji, tunataka akili yako yote ibaki kwenye bati.

Na ombi letu la mwisho ndilo gumu kulisema. Mheshimiwa tunakuomba usituahidi kitu leo. Kama kipo ulichokuja nacho hata kama ni bati kumi tutazipokea kwa mikono miwili na tutazipandisha wiki hii hii. Kama hakipo, baada ya chakula tunaomba utembee na sisi dakika kumi mpaka kule kilimani. Leo ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, yule mama wa miaka 88 ameshafika na yuko pale uani kwenye kigoda chake.

Naomba kuwasilisha. Tumsifu Yesu Kristo.