Yaya, usitie sahihi bado

Lubumbashi, Kamalondo

Jambo sana yaya, mkubwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Teksi yenu iligongwa kwa nyuma na Hiace barabara ya Kasenga, ukashuka mzima, ukaenda hata sokoni. Asubuhi ya pili shingo ikakataa kugeuka. Sasa mwenye Hiace amekuja na pesa ya dawa na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi iache kwanza. Nitaifikia.

Tuanze na shingo yenyewe, maana utaulizwa. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma mgongo mbele, lakini kichwa ni kizito, kinachelewa. Chini ya sekunde moja shingo inapinda kama herufi S: pingili za chini zinakwenda nyuma, za juu zinakwenda mbele, kisha kichwa kizima kinatupwa nyuma na kurudi mbele. Misuli na kano zinavutwa, na uvimbe wake unakuja polepole. Ndiyo sababu maumivu yanaweza kuanza masaa 12 baadaye, hata siku ya pili au ya tatu. Watu wa asiransi (bima, wangesema ndugu zetu wa Tanzania) wanakijua kitu hiki vizuri, lakini watakuuliza tu: kama uliumia, mbona ulikwenda sokoni?

Mkono ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, miguu ikiyumba, au mkojo ukikataa kushikika, usingoje kesho: nenda hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu siku hiyohiyo. Hiyo si shingo ya kukandwa kwa maji ya moto. Na asikuguse mtu wa kuvuta shingo mpaka ipasuke "ka!".

Usishangae radiografi ikitoka safi. Inaonyesha mifupa, haionyeshi kano zilizovutika. Wengi wanakata tamaa hapo, na mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "RAS", yaani hakuna la kutaja, peke yake. Kwa jeraha la namna hii, kinachobeba dosie, faili lako la madai, ni uchunguzi wa mikono ya daktari. Muombe aandike: tarehe ya ajali na jinsi ulivyogongwa, ulianza kuumwa saa ngapi, shingo inageuka digrii ngapi kulia na ngapi kushoto (nzima inafika karibu 80), panapouma akibonyeza, nguvu na hisi za mikono. Kuna ngazi za jeraha hili zilizopangwa Québec, Kanada, mwaka 1995. Ya kwanza ni maumivu na ukakamavu bila alama. Ya pili, shingo imepunguza mwendo au panauma mahali pakibonyezwa. Ya tatu, mishipa ya fahamu imeguswa. Ya nne, pingili imevunjika au imehama. Daktari akiandika "ngazi ya 2", mtu wa asiransi hawezi tena kusema ni maneno ya mgonjwa tu.

Chini kabisa kuwe na siku za kutofanya kazi, wanazoziita ITT, na maneno haya mawili ya Kifaransa: "sous réserve", yaani kama halitazuka jambo lingine. Bila hayo, siku 10 alizoandika leo zitakufunga hata ukiumwa miezi mitano. Urudi kwa daktari huyohuyo baada ya wiki 6, kisha baada ya miezi 3, uchukue karatasi kila mara. Pengo la miezi miwili bila daktari linasomwa kama kupona.

Ile kola ya shingo, minerve, usiivae wiki nzima eti ionekane umeumia. Misuli inalegea na kupona kunachelewa. Kwa ngazi ya kwanza na ya pili, kusogeza shingo mapema kidogokidogo ndiko kunakosaidia, pamoja na mtu wa kine (wa mazoezi ya viungo) kama daktari atakuandikia. Na mbele ya mtaalamu wa asiransi, mgonjwa aliyekataa matibabu hana uso mzuri.

Sasa polisi. Nina hofu na PV yako, yaani ripoti yao ya ajali. Kwa kuwa pale barabarani hukulalamika, huenda wameandika "dégâts matériels" tu, vyuma vimeharibika, mtu hakuna. Rudi wiki hii kwa OPJ, afisa wa polisi mpelelezi, aliyepima ajali, na cheti cha daktari mkononi. Sema unataka kusikilizwa kama majeruhi, na umuombe rekizisyo, barua yake rasmi, ya kwenda kwa daktari; ripoti inayotoka kwa rekizisyo ina uzito kuliko cheti ulichojitafutia mwenyewe. Hakikisha PV ina plaki (namba ya gari), jina la dereva, jina lililo kwenye karti roze (karatasi ya umiliki wa gari), jina la kampuni ya asiransi, namba ya mkataba wa asiransi na tarehe inapoisha. Mji huu magari yanauzwa mkono kwa mkono, na mara nyingi aliye kwenye karti roze si huyu anayekuja na pesa. Andika wote wawili. Tafuta pia abiria wawili wa teksi yenu leo, kabla hawajasahau.

Nani analipa? Tangu sheria yetu ya Kongo ya Januari 5, 1973, kila gari barabarani lazima liwe na asiransi ya kulipa wengine linaowaumiza. Zamani ilikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Sheria ya Machi 17, 2015 ilifungua soko, sasa kampuni ni nyingi, kwa hiyo soma jina kwenye karatasi, usikisie. Gari likiwa halina asiransi, deni halifi: kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya raia kinamlazimisha aliyekosa kulipa, na cha 260 kinamfikia bwana wake, yaani mwenye Hiace anayepokea verseman, pesa ya siku, kila jioni. Dereva mwenyewe mara nyingi hana kitu. (Ingekuwa lori la Zambia au la Tanzania linalotoka Kasumbalesa, ungetafuta kadi ya manjano ya COMESA, asiransi ya kwao inashughulikiwa hapahapa kwetu.) Na mtu mwenye mwajiri akiumia njiani kwenda kazini, mwajiri wake atangaze ajali CNSS, mfuko wa jamii wa wafanyakazi. Watu wanasahau hilo kabisa.

Kwa asiransi peleka barua ya madai nakala mbili. Moja ibaki nao, yako ipigwe muhuri na tarehe. Orijino usimpe mtu, toa fotokopi. Ndani weka PV, vyeti vyote, fakti (risiti) za dawa zenye jina lako, tarehe na muhuri (kikaratasi cha famasi kisicho na jina wanakitupa), pesa za usafiri wa hospitali, na kipato ulichopoteza. Wewe ni mchuuzi, huna fishi, karatasi ya mshahara, basi tumia daftari lako la mauzo la miezi mitatu kabla ya ajali, risiti za soko, na mteja mmoja au wawili wa kila wiki. Kila jioni andika mistari miwili: maumivu ni ngapi kwa 10, na kazi gani imekushinda. Wakisema shingo iliharibiwa na kubeba beseni kichwani, usikatae kwamba unabeba. Sema ulikuwa unabeba bila kuumwa, na sasa huwezi. Wakinyamaza, au wakikuzungusha, ARCA ndiyo inayosimamia kampuni hizi, andika kule.

Maumivu yenyewe hayapimwi kirahisi kwa meza ya bei. Uingereza wanayo ya shingo tangu Mei 2021, kwa miezi uliyoumwa. Hapa mara nyingi jaji anapima kwa haki na busara yake, *ex aequo et bono*. Ndiyo maana lile daftari la jioni si mchezo.

Njia ya mahakama ina saa yake. Kujeruhi bila kukusudia, kifungu cha 54 cha sheria ya makosa, adhabu yake ya juu ni mwaka mmoja wa kifungo. Kosa la namna hiyo linafutika baada ya mwaka mmoja. Ukichezewa na "kuja kesho" miezi 12, parke, ofisi ya mwendesha mashitaka, haina tena la kufuata, na wewe umepoteza njia nyepesi ya kudai fidia ndani ya kesi hiyohiyo mbele ya tribinali ya amani, dereva akiwa mshitakiwa na mwenye gari akiitwa kulipa. Avoka (wakili) ukimchukua, bei iandikwe kabla. Na ujue ukishinda, serikali inadai asilimia yake kabla ya kukupa nakala ya kutekeleza hukumu. Weka hesabu hiyo akiba.

Haya, karatasi ya mwenye Hiace. Itafute maneno "pour solde de tout compte" au "désistement". Yakiwemo, ni kwamba umelipwa yote na umeacha kesi, kwa bei ya vidonge. Pesa ya dawa unaweza kuipokea, lakini karatasi iseme "avance sur frais médicaux", yaani malipo ya mwanzo ya matibabu, kiasi, tarehe, na "sous réserve de tous droits", yaani haki zako zote zinabaki. Malizano ya kweli yangoje daktari aseme jeraha limetulia, haliendi mbele wala nyuma. Wenyewe wanaita konsolidasyo. Hapo ndipo asilimia ya ulemavu, kama ipo, inajulikana.

Jumamosi niko nyumbani. Njoo na PV na ile karatasi yake, tuisome pamoja. Na teksi ya kuja, ukae kiti chenye kiegemeo cha kichwa, kifike juu ya masikio.

Wako wa siku zote