Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu Dodoma, na karibu kwenye maabara ambayo leo inanukia mboga kuliko kemikali. Mwaka huu klabu ilijiuliza swali la jikoni: magadi tunayolainishia mboga yanaifanya nini vitamini C?

Vitamini C ni antioksidanti, yaani hukubali kuoksidishwa yenyewe ili vingine visalimike. Tabia hiyo ndiyo inayotuwezesha kuipima. Unakamua, unachuja, unatia uji mwepesi wa wanga, kisha unadondosha iodini kutoka kwenye bureti, mrija wenye vipimo na bomba dogo chini. Vitamini C ikiwapo, kila tone linamezwa. Ikiisha, tone linalofuata linaugeuza wanga buluu nzito, nawe unafunga bomba haraka. Kwa iodini ya 0.005 M (moli 0.005 katika kila lita), kila mililita iliyomezwa ni miligramu 0.88 za vitamini C.

Machungwa na mapera hayakutusumbua. Mlenda, Mheshimiwa, uligoma kuchujika. Ulining'inia kwenye faneli kama unavyoning'inia kwenye tonge. Tukauacha, tukachukua majani ya kunde: nusu tukayachemsha kwa maji matupu, nusu kwa magadi, tukapima mchuzi wake.

Mchuzi wa magadi ulimeza iodini kuliko vyote, hata chungwa. Tukashangilia, na mwenzetu akaanza kuandika bango kwamba magadi yanaongeza vitamini. Mwanachama mdogo kuliko sote, wa Kidato cha Pili, hakusema neno. Alitia magadi kwenye maji ya bomba, bila hata jani moja, akadondosha iodini. Ikamezwa vilevile. Bango likachanwa.

Magadi ni alkali, na alkali huigeuza iodini kuwa iodaidi na iodeti, ambazo haziutii wanga rangi. Tukarudia, safari hii tukitangulia kuua ualkali wa magadi kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, tukiitia mpaka povu likakoma. Mchuzi wa magadi ukageuka buluu karibu na tone la kwanza. Ule wa maji matupu ulistahimili zaidi, na ndio huo tunaoumwaga nyumbani. Vitamini C huharibika upesi ndani ya alkali, tena ikiwa motoni.

Hata hivyo, namba hatuzitangazi. Iodini haichagui, humezwa pia na vitu vingine vinavyooksidishwa kirahisi. Tena ukijani wa kunde unaficha buluu: watu watatu walitazama chupa moja wakatoa majibu matatu. Maabara kubwa hutumia pia DPPH, rangi ya zambarau inayofifia antioksidanti zinapofanya kazi, na ufifiaji husomwa na spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 517.

Sisi hatuombi spektrofotomita. Tunaomba kolorimita ndogo, kifaa rahisi zaidi cha kupima rangi badala ya macho yetu, friji, maana mboga za Ijumaa zinatufikia Jumatatu zimenyauka, na mizani. Tuliyonayo tumeiazima dukani, na mwenye duka anaihitaji kupimia sukari.

Mheshimiwa, mbele yako kuna bakuli mbili za kunde. Moja ina magadi, ile ya kijani zaidi. Tunaomba uonje zote mbili kabla hujatujibu.

Naomba kuwasilisha.