Risala ya wanafunzi wasomaji wa riwaya kwa mgeni rasmi, Lamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, maustadhi, wazazi wetu mliofika kutoka Langoni, Mkomani, Shela na Matondoni, wanafunzi wenzetu, assalaam alaykum.

Karibu sana, mama. Umeacha shughuli zako ukavuka maji kuja kutusikiliza, nasi tunakushukuru kwa moyo mmoja.

Sisi ni wanafunzi 23 tunaokutana kila Alhamisi alasiri kusoma riwaya. Tulianza na sanduku moja la vitabu vikuukuu, na kilichotuunganisha ni kile kibovu kuliko vyote mle ndani: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1960. Tulikisoma kwa zamu, kwa sauti, majuma matatu. Maiti ya Bwana Ali imekutwa haina kichwa, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anapima maneno ya kila mtu, nasi twamfuata hatua kwa hatua. Kumbe nyuma mchwa walikwishapita. Tulipofunua ukurasa uliofuata, mlikuwa na vumbi tu na uzi wa jalada. Mwenzetu mmoja wa Gredi ya 8, ambaye hatujapata kumwona akinyoosha mkono darasani, alisimama akauliza, "Sasa ni nani alomuua?" Tulibishana mpaka adhana ya Magharibi. Usiku ule kila mtu aliandika mwisho wake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wengi wetu huijua riwaya mara ya kwanza ikiwa kitabu teule. Tumeshaingia shule ya upili, na swali la mtihani limefika kabla ya hadithi. Tunakariri dhamira na sifa za wahusika kutoka kwenye mwongozo, ilhali riwaya yenyewe bado ina harufu ya dukani. Hatuwalaumu walimu wetu, wana silabasi ya kumaliza. Tunachosema ni kwamba mtoto anahitaji kwanza hadithi moja ya kumnyima usingizi, isiyo na swali chini yake. Akishaionja hiyo, kitabu teule hakitamtisha.

Kwa hiyo tumekaa tukachagua. Wadogo zetu wa Gredi ya 5 na 6 waanze na Hekaya za Abunuwasi. Si riwaya, tunajua, lakini visa ni vifupi na mtoto humaliza kimoja akitaka cha pili. Kisha wapewe Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, wamfuate Majaliwa katika safari zake Tanzania. Bwana Msa tunamweka Gredi ya 7 hadi 9, na tunashauri asomwe na wengi kwa pamoja, maana raha yake ni kumshuku kila mtu na kubishana.

Kwa vijana wa miaka 14 na kuendelea, chaguo letu la kwanza ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea anakulia Tanga, mamake mwimbaji wa taarabu, na baada ya kufiwa naye anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Sisi watoto wa visiwani tumezaliwa tukisikia habari za safari, na wapo miongoni mwetu wanaoijua hamu ya baba aliye mbali. Kuna siku msomaji wetu alinyamaza katikati ya sentensi, akampa kitabu mwenzake aliyeketi kando aendelee. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tena Walibora hakuwa mtu wa Pwani, alitoka magharibi mwa Kenya. Wenzetu waliotoka Mpeketoni, ambako familia nyingi asili yao ni bara, walipolijua hilo, walianza kuandika insha zao bila kuomba radhi kwa Kiswahili chao.

Wazazi wetu, tunajua baadhi yenu mna wasiwasi kwamba riwaya hufunza mapenzi. Wasiwasi huo tunauheshimu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, hatuwapi wadogo. Tunapendekeza isomwe na vijana wa kidato cha tatu na cha nne, mwalimu akiwepo, kwa sababu inasema wazi binti hupatwa na nini anapolelewa kwa ukali tu, bila mtu wa kukaa naye akamweleza dunia ilivyo. Mwaka 1858, hapa hapa kwenye visiwa vyetu, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia utendi bintiye, Mwana Hashima. Alimwita aketi karibu, achukue wino na karatasi. Kumwandikia kijana mambo mazito ya maisha hatukuletewa na wageni.

Shida zetu hazijifichi. Nakala ni moja moja, na kitabu kimoja kwa watu 23 ni foleni. Vingi tunaagiza Mombasa, vinapanda basi hadi Mokowe, kisha mashua, na nauli huongeza bei. Vikifika, hewa ya chumvi hulegeza gundi na mchwa humaliza kazi.

Tunakuomba, mama, utusaidie kupata nakala 6 za kila kitabu tulichokitaja, na kabati la milango lenye miguu, lisigusane na ukuta wala sakafu. Mafundi wa kulitengeneza wamo mumu humu mjini. Tunaomba pia utuombee kwa mwalimu mkuu nusu saa ya kusoma kila juma ndani ya ratiba, isiyo na mazoezi wala alama.

Ile miisho 23 tuliyoiandika tumeishona daftari moja, liko mezani mbele yako. Tunaomba ulipokee, ukaisome nyumbani, na utakapoturudia utuambie ni upi umeuamini.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi wanao, wanafunzi wasomaji wa riwaya.