Kibati cha Matthew Henson kisigeuzwe pambo la funguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wa Kenya na Tanzania, hasa wale wanaoshiriki mchezo wa jiokeshingi, yaani kusaka vifichio, ambavyo ni visanduku vilivyofichwa na wachezaji wengine, kwa msaada wa GPS, kuhusu vibati vinavyosafirishwa kwa heshima ya Matthew Henson, Mmarekani mweusi aliyekuwa miongoni mwa walioisaka Ncha ya Kaskazini. Kimoja nilikiachilia mimi mwenyewe kando ya njia ya waenda kwa miguu iliyopewa jina la Henson, hapa wilaya ya Montgomery katika jimbo la Maryland. Kilivuka bahari, kikapita Ulaya, kikafika Nairobi mikononi mwa msafiri aliyekiokota njiani, na tangu hapo hakuna aliyeandika neno juu yake.

Kwa asiyeujua mchezo huu, kibati ni kipande kidogo cha chuma chenye tundu na mnyororo, kilichochongwa namba ya utambulisho. Hakina betri wala hakirushi mawimbi yoyote. Kinajulikana kilipo kwa sababu tu kila anayekikuta huiandika namba hiyo kwenye tovuti ya mchezo na kueleza amekitoa kifichio gani na amekiacha kipi, nayo tovuti huhesabu kilomita kilizosafiri. Mwenye kibati hukipangia lengo. Changu kinatakiwa kifike Qaanaaq, kaskazini-magharibi mwa Greenland, ambako wazao wa Henson wanaishi hadi leo, na kimefungwa pamoja na kadi iliyofunikwa plastiki inayoeleza habari zake kwa Kiingereza na Kiswahili. Kikishafichwa kwenye droo ya mtu, au kikining'inizwa kwenye funguo za gari, hakuna mtambo wa kukitafuta.

Pengine mtu atauliza kwa nini nihangaike na kipande cha chuma. Henson alizaliwa Maryland mwaka 1866, akawa yatima angali mdogo, akaingia melini kama mtumishi, na ni nahodha wa meli hiyo aliyemfundisha kusoma. Mwaka 1887 alikuwa karani wa duka la kofia mjini Washington alipokutana na Robert Peary, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, aliyemwajiri awe mtumishi wake. Katika safari zao za Aktiki, yaani eneo la barafu linaloizunguka Ncha ya Kaskazini, ambazo zilianza mwaka 1891, huyo anayeitwa mtumishi ndiye aliyejifunza lugha ya Wainughuit, wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa Greenland, hadi akaizungumza vizuri, ndiye aliyeunda na kukarabati sleji, vyombo vya kuteleza juu ya barafu vinavyokokotwa na mbwa, na ndiye aliyewamudu mbwa kuliko mgeni mwingine yeyote katika msafara. Katika safari ya mwisho, ya mwaka 1909, Peary alikuwa amekwisha kupoteza vidole vingi vya miguu kwa baridi, na kazi ya kutangulia kufungua njia ilimwangukia Henson.

Tarehe 6 Aprili 1909 walitangaza kambini kwamba wamefika Nchani. Wachunguzi wengi siku hizi wanatilia shaka vipimo vya Peary, na mimi sitaki kadi ya kibati changu iseme kwa uhakika jambo lenye ubishi. Heshima ya Henson haitegemei kilomita chache za mwisho. Aliporudi nyumbani, Peary alipandishwa cheo hadi kuwa admeri wa jeshi la majini (Rear Admiral) na kupewa pensheni, ilhali Henson alifanya kazi katika gereji ya kuegeshea magari Brooklyn, kisha akaajiriwa katika ofisi ya forodha ya New York hadi alipostaafu mwaka 1936. Medali ya Hubbard ya jumuiya ya National Geographic, ambayo Peary aliipokea mwaka 1906, Henson alitunukiwa mwaka 2000, miaka 45 baada ya kufa kwake. Inanigusa kwamba ni mwaka huohuo, mwezi Mei, kifichio cha kwanza cha mchezo huu kilipowekwa huko Oregon.

Sisi tuliosoma shule za Afrika Mashariki tulikaririshwa majina ya akina Burton, Speke na Stanley. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza wote watatu, wengi wetu tulimjua ukubwani, tena kwa kubahatisha. Ndiyo maana habari za Henson nilizipokea kama habari za ndugu, na ndiyo maana nilitaka kibati chake kipite nyumbani kabla ya kuelekea kwenye barafu.

Kwa sababu hiyohiyo nawaomba wanaotengeneza vibati vya namna hii wasiishie kwa Henson. Wanaume wanne wa Kiinughuit, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah, walikuwa naye hadi kambi ile ya mwisho. Henson mwenyewe alisimulia jinsi siku chache kabla ya kufika huko barafu ilivyoteleza chini ya miguu yake akatumbukia baharini, na Ootah akamkamata ukosi kwa mkono mmoja na kumvuta nje, huku kwa mkono wa pili akiwahimiza mbwa wavuke na sleji iliyobeba vyombo vya kupimia. Viatu vilivyolowa vikavuliwa, suruali ya ngozi ya dubu ikakung'utwa maji, safari ikaendelea. Kumtukuza Henson na kumwacha Ootah bila jina ni kuirudia dhuluma ileile aliyotendewa yeye, na majina manne hayaijazi kadi.

Basi aliye na kibati hicho Nairobi, au popote kilipofikia, namsihi akitoe. Simlaumu, huenda alidhani ni zawadi ya kubaki nayo, kwa kuwa vitu vingine vinavyokutwa katika vifichio ni vya kubadilishana. Kibati si cha kubadilishana. Kiwekwe katika kifichio chenye mfuniko unaobana, kisichoingiza maji ya mvua, mahali ambapo mtu anaweza kuinama na kupekua bila kuwatia hofu walinzi, na kadi yake iwe pamoja nacho. Anayekipiga picha aifunike namba, maana mtu asiyekigusa anaweza kuitumia kuandika safari za uongo. Maelezo kwenye ukurasa wake yaandikwe kwa Kiswahili bila wasiwasi wowote, nitayatafsiri mimi. Na kama kuna msomaji mwenye safari ya Denmark, huyo ndiye ninayemtafuta zaidi, kwa kuwa Copenhagen kuna ndege za kwenda Greenland, na kibati kikiachwa huko kina matumaini ya kumpata mtu wa kukivusha.

Wako mtiifu,
Mtanzania mkazi wa Silver Spring,
Maryland, Marekani