Waandishi wa mwongozo wa API, tuandikieni na makosa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wanaotengeneza API, yaani njia ambazo programu moja huzitumia kuiomba nyingine kazi, za kufungulia akaunti za mashirika, na hasa wale wanaoziandikia mwongozo. Kazi yangu hapa Lamu ni kuviundia vikundi vya wavuvi na vya akina mama programu za kuwekea hesabu, na siku hizi kazi hiyo haiendi bila kutuma maombi kwenye seva za kampuni nyingine: programu yangu hupeleka jina la kikundi, namba ya usajili na majina ya viongozi, nayo seva hujibu kwamba akaunti imefunguliwa au imekataliwa.

Shida ipo hapo kwenye kukataliwa. Mwongozo niliopewa mwaka jana ulikuwa na mfano mmoja tu, wa ombi lililofaulu na jibu lake la 201, yaani akaunti imefunguliwa. Kikundi nilichokuwa nikikisajili kina neno "ng'ambo" katika jina lake. Seva ilijibu 400, yaani ombi lina kasoro, bila kuitaja kasoro yenyewe. Nilihakiki namba ya usajili, nikabadilisha ufunguo wa siri, nikaliandika upya ombi zima, na siku mbili zikapita kabla sijagundua kwamba kilichokataliwa ni ile ritifaa inayofuata ng. Kiswahili sanifu hakina namna nyingine ya kuiandika sauti hiyo. Mstari mmoja wa kueleza ni alama zipi zinazokubalika katika jina, na lisizidi urefu gani, ungaliniokoa.

Lililotuumiza zaidi ni kurudia ombi. Mtandao wa visiwani hukatika; ombi la kikundi kingine lilitoka, jibu halikurudi, nami nikalituma tena. Zikafunguliwa akaunti mbili za kikundi kimoja. Kwa kanuni za HTTP, yaani lugha ya mawasiliano ya wavuti, ombi la aina ya PUT (la kuweka kitu mahali palipotajwa) likirudiwa hutakiwa liache matokeo yale yale, ilhali la aina ya POST (la kuipa seva data iishughulikie, kama kufungua akaunti mpya) halina ahadi hiyo, na ndiyo maana baadhi ya API hupokea pamoja na ombi namba maalumu ya kulitambulisha, ili seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu la awali badala ya kufungua akaunti nyingine. Nyingine hujibu 409, kumjulisha mtumaji kwamba ombi lake linagongana na kilichokwisha kuwapo. Njia zote mbili zinafaa, mradi ziandikwe. Mwongozo wangu haukutaja lolote, na wiki ile malipo ya samaki yakaingia nusu huku, nusu kule. Mweka hazina, mama mtu mzima anayeandika kila shilingi kwenye daftari lake, aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwanangu, hizi nyingine ziko wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Halafu kuna suala la nani mwenye akaunti. Vikundi vyetu huchagua viongozi na kuwabadilisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anayetuma ombi ndiye anayekuwa msimamizi, hivyo nilijikuta mimi, nisiye hata mwanachama, nimeshika peke yangu akaunti ya watu. Namba za vitambulisho vya viongozi nazo zilitakiwa bila kuelezwa ni za kazi gani, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kujulishwa data yake itatumiwaje.

Wapo watakaosema kwamba mwongozo siku hizi hutolewa na mashine kwa mtindo wa OpenAPI, wa kuieleza API katika faili linalosomeka na kompyuta, ule uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2011 kwa jina la Swagger. Faili hilo huorodhesha sehemu za ombi na aina zake, nami nalitumia kila siku kwa shukrani. Lakini haliwezi kueleza la kufanya jibu lisiporudi, wala namna ya kumkabidhi akaunti mwenyekiti mpya, mpaka mtu aketi ayaandike.

Ombi langu ni kwamba, kabla API haijatolewa, mwongozo wake apewe mtu asiyeijua kabisa, aende Mokowe au Faza, ajaribu kufungua akaunti ya kikundi kwa kuusoma huo peke yake. Kila atakapokwama, hapo pana mstari uliosahauliwa. Na ujumbe wa makosa uandikwe pia kwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, ili mama yule ausome mwenyewe kwenye simu yake.

Akaunti ile ya pili ingali wazi hadi leo. Mwongozo hausemi inafungwaje.

Mwunda programu,
Langoni, Lamu