Barua kwa vijana wa Lamu: kabla hamjatosa makaratasi ya wazee baharini

Assalamu alaikum wanangu wa Mkomani, Langoni, na nyie mliohamia Malindi.

Nimekasirika na sifichi. Juzi watoto wa marehemu mmoja wamefungua kasha la baba yao wakakuta madaftari ya herufi za Kiarabu, na kwa kuwa hawakuelewa kitu wakasema haya lazima ni maneno ya dini, yasije yakakanyagwa, wakayafunga kwa kitambaa safi wakaenda kuyatosa baharini. Kwa heshima zote! Na yule mzee mimi namjua, alikuwa nahodha, mle hamkuwa na aya hata moja, ni Kiswahili chetu kitupu: boriti za mikoko korja ngapi (korja moja ni ishirini), nani kapakia, nani kakopa akafa na deni, jahazi limeondoka na upepo wa kusi lini kwenda Uarabuni. Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje 1982, na habari za biashara ile sasa wanazisoma samaki.

Jamani ulizeni kwanza! Babu zetu herufi zile waliandikia kila kitu mpaka deni la mchele. Nyie chuoni kwa Kurani mmekaa miaka, herufi mnazijua, sasa neno la Kiswahili linawashinda nini? Ingawa lawama si zenu peke yenu, shuleni nani kawafundisha? Tungo za pwani hii kwa mkono wa waandishi wake ziko London, pale chuo kikuu cha SOAS, hapa kwetu mtoto anafanyia mtihani bila kuziona.

Najua mnaogopa, ukishatoa ndio basi. Si hivyo. Vitabu vya zamani vya msikiti wetu wa Riyadha hapa Lamu vilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, picha ziko kwenye intaneti, vitabu vyenyewe viko palepale msikitini. Hata ukipeleka makumbusho au Nyaraka za Taifa kule Nairobi, mwandikiane: umetoa au umeazima, nani aruhusiwe kusoma, na kopi yako udai. Barua za talaka na fedheha za watu semeni zifungwe mpaka wenyewe wawe wameshakufa, hilo ni haki yenu.

Mengine upesi: msipige laminesheni, msibandike selotepu, msichambue mkatupa "yasiyo na maana", nyie mtajuaje? Leteni kasha zima.

Na picha za harusi zisizo na majina nileteeni baada ya alasiri, niwaambie nani ni nani, muandike nyuma kwa penseli, si biro. Wa kuwajua wale tumebaki wachache.